Anayeagiza Ndiye Anayepanga Ubora

Ingia duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, uombe pedi za breki za gari dogo. Muuzaji akishajua aina ya gari, linalofuata ni swali moja: unataka za wapi? Zipo za Japani, zipo za Taiwan, zipo za Mchina, na kila nchi ina bei yake. Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli, kompyuta iliyokwisha kutumika Uingereza huitwa "ex-UK" na hunadiwa kwa majivuno kuliko mpya ambayo haijulikani ilikotoka. Lubumbashi, mama anayenunua kitenge hugeuza pindo kwanza asome kama ni cha Uholanzi. Soko letu zima limejengewa ngazi ya mataifa: Mjapani na Mzungu juu, Mchina chini, na sisi wenyewe mara nyingi hatumo hata kwenye ngazi yenyewe.

Simlaumu mnunuzi. Hana maabara, hana kifaa cha kupimia unene wa waya, na muuzaji aliye mbele yake leo huenda mwezi ujao akawa amehama fremu. Jina la nchi ni kipimo cha bure, na kwa miaka mingi kilimsaidia. Shida ni kwamba kipimo hicho kimechakaa, na wa kwanza kugundua hilo walikuwa wauzaji. Ndiyo maana stika ya "Japan" siku hizi inachapishwa kwa rola.

Alama ya nchi kwenye bidhaa haikuanza kama sifa. Ilianza kama fedheha. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, mhandisi Mjerumani Franz Reuleaux aliwaandikia wenzake nyumbani kwamba bidhaa za Ujerumani ni za bei rahisi na ni mbovu. Waingereza walikuwa na kilio chao: visu vya Solingen vilikuwa vikigongwa muhuri wa Sheffield na kuuzwa kama vya Kiingereza. Mwaka 1887 Bunge la London likapitisha sheria ya alama za bidhaa, na mali ya kigeni iliyofanana na ya Kiingereza ikalazimika kutaja ilikotengenezwa. Nia ilikuwa Mwingereza asome "Made in Germany", akunje uso, arudishe kisu mezani.

Hakukirudisha. Miaka 9 baadaye, 1896, Ernest Edwin Williams alichapisha kitabu chenye jina hilohilo la Made in Germany, akilalamika kwamba nyumba ya Mwingereza imejaa vitu vya Mjerumani kuanzia jikoni hadi chumba cha watoto. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimejirekebisha, na alama ya aibu ikawa inavitangaza bila malipo.

Wajapani nao walipita njia hiyo. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, alisimulia katika kitabu chake cha 1986 kwamba hapo mwanzo walikuwa wakichapa maneno "Made in Japan" kwa herufi ndogo kadiri walivyoweza, kwa sababu mteja wa Marekani akiyaona alifikiria vitu vya kuchezea na miavuli ya karatasi. Leo mzee wa miaka 70 pale Ilala atakuapia kwamba kitu cha Mjapani hakifi. Wajapani ni walewale. Kilichobadilika ni viwanda, na maneno ya sokoni yakafuata baadaye sana. Sifa ya nchi, nzuri au mbaya, huja baada ya kizazi kizima, kwa hiyo anayenunua kwa sifa hununua habari za zamani.

Pwani yetu ilijifunza hilo mapema, ingawa tumelisahau. Baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar vitambaa vya pamba visivyopaushwa, vilivyoitwa merikani, na vikaenea bara kwa misafara mpaka vikawa karibu sawa na fedha. Wateja wa bara walikuwa wagumu kudanganywa. Viwanda vya Kiingereza vilijaribu kuiga kitambaa hicho, na wanunuzi wakakitambua kwa uzito na ufumaji wake, wakakikataa. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata pamba. Baada ya hapo viwanda vya Bombay vilichukua sehemu kubwa ya soko, na watu waliendelea kuvaa na kuzikia merikani ambayo haikuwahi kuiona Marekani. Mnunuzi wa Tabora wa karne ya 19 alikuwa anapima kitambaa kwa vidole. Sisi tunasoma stika.

Kusoma stika kunatupumbaza kuliko tunavyodhani. Mwaka 1965 Robert Schooler alichapisha utafiti alioufanya Guatemala. Aliwapa wanafunzi kitambaa kilekile na juisi ileile, akabadilisha jina la nchi tu. Walipoambiwa bidhaa imetoka Costa Rica au El Salvador waliipa alama za chini kuliko walipoambiwa ni ya Guatemala yenyewe au Mexico. Hapakuwa na tofauti yoyote ndani ya chupa. Tafiti za namna hiyo zimerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, na nadhani hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayehitaji kuzisoma. Yeye huzifanya kila asubuhi, kwa kuweka bidhaa mbili za katoni moja kwenye rafu mbili.

Sasa tuchukulie stika ni ya kweli. Bado inasema nini? Forodha duniani hutumia kanuni moja kubwa: bidhaa iliyopitia nchi kadhaa huhesabiwa kuwa ya nchi ilikofanyiwa mageuzi makubwa ya mwisho. Nchi ya mwisho ndiyo inayoandikwa, hata kama kazi ngumu ilifanyika kwingine. Nyuma ya iPhone nyingi imeandikwa kwamba imebuniwa California na kuunganishwa Uchina. Siku hizi nyingine zinaunganishwa India. Chipu yake kuu imetoka Taiwan. Samsung, ambayo wengi huinunua kwa kuwa "si ya Mchina bali ya Mkorea", ilifunga kiwanda chake cha mwisho cha simu Uchina mwaka 2019, lakini haikuhamia Seoul. Simu zake nyingi hutoka Vietnam. Toyota Hilux, gari linalopendwa na serikali, mashirika na waasi kwa pamoja, hutoka Thailand na Afrika Kusini. Ilipoanza tena kuuzwa Japani kwenyewe mwaka 2017, Wajapani waliletewa Hilux kutoka Thailand kwa meli, kama sisi.

Saa ya Uswisi ina sheria kali kuliko nyingi: tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza lazima ziwe za Uswisi, pamoja na masharti juu ya mashine ya ndani. Hata hapo, asilimia 40 inaweza kutoka kokote. Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, moja ya vigezo vya uasili ni kwamba malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya gharama ya bidhaa inapotoka kiwandani. Mafuta ya kula yaliyosafishwa Dar es Salaam au Mombasa kutokana na mawese ghafi ya Malaysia na Indonesia huuzwa kama ya kwetu, na sina ugomvi na hilo, kwa kuwa kusafisha ni kazi na kuna watu wanaoifanya. Ila majirani wenyewe hugombana. Mwaka 2018 Tanzania na Uganda zilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa pipi na bidhaa za jamii hiyo kutoka Kenya, hoja ikiwa zimetengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingizwa kwa unafuu wa ushuru. Maofisa walilazimika kwenda viwandani kuhakiki kama peremende ya Nairobi ni ya Nairobi.

Kuna upande wa pili ambao hutuuma zaidi. Korosho ya Mtwara na Lindi kwa sehemu kubwa huuzwa ikiwa na ganda, ikabanguliwa India au Vietnam, kisha ikaenda Ulaya na Marekani ikiwa na jina la nchi iliyobangua. Mlaji wa London anaisifu korosho ya Vietnam. Kanuni ileile inayotuuzia simu ya nchi kumi kwa jina la nchi moja ndiyo inayofuta jina letu kwenye pakiti.

Hapa niingize jambo la msimbomilia, maana ujumbe wake hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ukiona namba inaanza na 690 hadi 699, kimbia, ni ya Uchina, 620 ni ya Tanzania, nunua. Nusu ya ujumbe ni kweli. Namba za mwanzo zinaonyesha ni shirika la nchi gani la GS1 lililoipa kampuni msimbo, basi. Kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam inaweza kuagiza mswaki kutoka Yiwu, Uchina, na kuubandika 620 bila kuvunja sheria yoyote. Kinyume chake, kabla GS1 Tanzania haijaanza kutoa misimbo, wazalishaji wetu waliichukua Kenya au Afrika Kusini, na bidhaa ya Tanzania ikatembea na namba ya jirani. Na ile hadithi kwamba alama ya Ulaya ya CE yenye herufi zilizosogeleana inamaanisha "China Export" ni uzushi. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo.

Tufike kwenye mzizi wenyewe, yaani bidhaa ya Mchina. Nimewasikia watu wenye digrii wakisema Wachina hutengeneza bidhaa za daraja tatu, nzuri kwa Mzungu, za kati kwa Mwarabu, na mbovu kwa Mwafrika, kana kwamba kuna ofisi Beijing inayotugawia uchafu. Mambo ni rahisi zaidi, na yanaudhi zaidi. Mfanyabiashara wetu anakwenda Guangzhou, au Yiwu, anaingia kiwandani na sampuli ya waya wa umeme. Kiwanda kinampa bei. Anasema ni kubwa. Kiwanda hakibishani, kinauliza unataka ufike bei gani. Kuanzia hapo kila senti inayopungua inatolewa mahali fulani ndani ya bidhaa.

Kwenye waya inatolewa kwenye shaba. Kwanza unene unapungua: mbavuni imeandikwa milimita 2.5 za mraba, ndani hazifiki. Bei ikishuka tena, shaba yenyewe inaondoka na kuwekwa alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa macho ni uleule. Lakini alumini hupitisha umeme takriban asilimia 60 tu ya shaba yenye unene sawa, hivyo waya uliopangiwa pasi na jiko hupata joto ukutani, polepole, mpaka siku plastiki inapoyeyuka. Fundi mzuri hukwangua ncha kwa wembe aone kama ndani kunang'aa rangi ya fedha, na huliinua rola zima mkononi, kwa sababu alumini ni nyepesi sana. Hiyo ni elimu ya sekunde 10, na ina thamani kuliko stika ya nchi yoyote.

Kwenye bati inatolewa kwenye geji na kwenye zinki. Kila anayejenga anajua geji 28, 30 na 32, na kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Wachache wanauliza zinki au aluzinki iliyopakwa ni gramu ngapi kwa mita ya mraba, na hiyo ndiyo inayoamua kama bati litashika kutu baada ya masika machache au litakaa miongo. Hapo nchi inazidi kuchanganya: bati lililokunjwa Dar es Salaam au Thika mara nyingi hutokana na koili iliyoagizwa. Bati ni la kwetu kwa kukunjwa na la wenzetu kwa chuma, na uzuri wake unategemea koili ipi iliagizwa, na aliyeiagiza.

Kiwanda kilichomfyatulia mtu wetu waya wa alumini huenda mchana wa siku hiyohiyo kinafyatua waya wa shaba safi kwa ajili ya Ujerumani, kwa sababu mnunuzi wa Ujerumani ana vipimo vilivyoandikwa, anatuma mkaguzi, na ana hofu ya kushtakiwa. Mnunuzi wetu ana bei tu. Kwa hiyo ninaposikia "Wachina wanatuletea feki", huuliza nani hasa aliyelipa amana ya asilimia 30 ili feki hizo zitengenezwe. Mara nyingi ni jirani yetu, na anaswali au anasali pamoja nasi.

Sisemi Mchina ni malaika. Viwanda vinavyogonga nembo za watu vipo, na pindo za vitenge zenye jina la Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, zimenakiliwa mpaka herufi. Serikali zetu nazo zinajitahidi: mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, hutaka shehena za aina nyingi zikaguliwe kabla hazijasafirishwa, na Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ambayo Tume ya Ushindani huitumia kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Ila bandia na duni ni mambo mawili. Waya wenye jina halali la kampuni halali na shaba pungufu hauna mwenye nembo wa kulalamika. Anayeumia ni mwenye nyumba, na yeye hana ushahidi hadi moto uwake.

Je, nchi haina maana kabisa? Inayo, lakini si pale tunapoitafuta.

Chukua gari la mtumba. Kununua gari lililotumika Japani ni uamuzi wenye akili, na sababu yake si chuma cha Mjapani. Japani kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake humfanya mwenye gari aone nafuu kuliuza. Gari linalofika Dar es Salaam au Mombasa lilikuwa likikaguliwa kwa sheria kali kwenye barabara laini. Kinachonunuliwa hapo ni mfumo wa nchi, na mfumo huo una nyaraka: karatasi ya mnada, rekodi ya kilomita. Hata namba ya chesesi ina lake la kusema. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 tuliyoizoea kwenye magari ya Ulaya. Lina namba fupi inayoanza na msimbo wa muundo, kama NCP60 kwenye Toyota IST. Dalali akikuonyesha IST ya "Japani moja kwa moja" asiweze kukuonyesha karatasi ya mnada, jina la nchi halina kazi tena. Gari hilohilo likishapita mikononi mwa watu watatu Sinza, Japani imeshatoka ndani yake.

Dawa ni hivyohivyo, kwa ufupi tu: wapo wanaolipa mara tatu ili wapate ya Ulaya wakati kiambato chake kimetoka India au Uchina. Kinacholinda mgonjwa ni usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ambayo mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilifikia daraja la 3 la Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa. Ulizia usajili.

Kuna pia pale ambapo nchi ndiyo hoja yote, kwa sababu mnunuzi anatazama haki kabla ya ubora. Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere alihutubia mkutano London ulioanzisha kampeni ya kuwataka Waingereza waache kununua mali ya Afrika Kusini ya makaburu. Machungwa ya Cape hayakuwa mabaya. Yalikuwa matamu, na watu waliyaacha. Atakayekataa bidhaa leo kwa sababu ya vita au dhuluma anafuata mkondo huo, na hahitaji kujidanganya kwamba bidhaa yenyewe ni mbovu.

Na cha kwetu? Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili nguo za "Made in Rwanda" zipate nafasi. Marekani, inakotoka sehemu ya mitumba hiyo, ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru ya AGOA kwa nguo za Rwanda. Majirani waliokuwa wamekubaliana na Rwanda walirudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ninaiheshimu kwa hilo, ingawa shati jipya la Kigali bado ni ghali kwa mtu wa kipato cha chini kuliko mtumba ulivyokuwa zamani, na ukweli huo usifichwe nyuma ya bendera. Kununua cha nyumbani ni mchango kwa ajira ya mtoto wa mtu. Ni sababu tosha. Lakini mzalishaji anayetaka nilipe zaidi kwa uzalendo anipe na vipimo, maana uzalendo haushushi joto la waya.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Swali la nchi liwe la tatu. La kwanza ni vipimo: shaba au alumini, milimita ngapi, geji gani, gramu ngapi. La pili ni nani aliyeagiza, na kama jina na anwani yake vipo kwenye boksi kwa lugha tunayosoma. Mamlaka za viwango zingefanya jambo kubwa kama kila bidhaa ya umeme na ya ujenzi ingelazimika kubeba jina la mwagizaji kwa herufi kubwa kuliko jina la nchi, kwa sababu mwagizaji yupo mtaa wa tatu kutoka hapa na anaweza kuitwa mahakamani, Uchina haiwezi. Wewe msomaji, wakati tukisubiri hayo, unaponunua waya au bati dai risiti ya EFD, na umwambie muuzaji aandike juu yake geji, milimita na aina ya madini. Akikataa kuandika, usilipe.